Inchi Moja na Robo

Kaloleni, Kisumu
Jumamosi, 16 Machi 1974

Kwa kaka yangu Badru,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na wifi yangu ambaye bado sijamwona, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua za mwaka jana kimepona kabisa. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama anatembea vizuri, goti linamsumbua siku za baridi tu, na bado anakwenda sokoni Kibuye kuuza viungo vyake kila siku isipokuwa Ijumaa. Mvua haijaanza. Vumbi limejaa kila mahali mpaka majani ya mipera uani yamegeuka rangi.

Utakuwa umeshangaa kuona jina langu nyuma ya bahasha. Kwa miaka mitatu barua zote ulizopata kutoka nyumba hii zilikuwa za Mama, mimi nilikuwa mkono wake tu. Hii ni yangu. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na uimalize hata kama utakasirika katikati.

Habari kubwa ni kwamba Injinia Waweru alirudi kituoni kwetu Kisian. Alikuja mwezi uliopita, akafanya kazi siku tatu, akaondoka. Amenipa salamu zako, na salamu hizo ndizo zimenifanya nikae kuandika. Nitakufikishia, ila si sasa hivi. Nikianza na hizo, barua yote itakuwa imeharibika. Niache nieleze mambo kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, maana wewe ulikuwa juu ya mnara na mimi nilikuwa ndani ya kibanda, hatukuona kitu kimoja.

Unakumbuka kwamba shida yetu tangu mwanzo ilikuwa umbali. Karai letu, kama watu wa Kisian walivyoiita ile antena, lina upana wa futi arobaini. Siku ya kwanza Waweru alituambia kwamba ukitaka kujua antena kubwa kiasi hicho inasikia upande gani na haisikii upande gani, lazima mtambo wa kurusha mawimbi uwe mbali, karibu kilomita nne, ili mawimbi yakifika yawe yamenyooka. Ukiuweka karibu, yanafika yakiwa yamepinda, ukingo wa karai unayapata baada ya katikati, na picha yote inavurugika. Sasa sisi kilomita nne tungezitoa wapi? Kutoka kwenye karai hadi mafunjo ni mita mia nane. Baada ya mafunjo ni ziwa, na nyuma yetu ni mlima. Kusimamisha mnara ng'ambo alikataa, akasema maji yanarudisha mawimbi kama kioo, karai lingesikia kitu kimoja mara mbili. Basi mnara ukasimama pale penye mafunjo, na wewe, ukishatushusha kutoka kwenye Landrova, ndiye uliyeupanda kila asubuhi kuangalia kama mtambo umekaa sawa.

Mimi nilikaa na mashine ya chati. Karai lilipogeuzwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kalamu ya mashine ilichora mstari: mlima mmoja mrefu katikati, vilima vidogo pembeni, na mabonde kati yao. Niliandika digrii chini ya kila kilima na kila bonde, nikagonga muhuri wa tarehe, nikaweka chati kwenye jalada. Ile ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, nawe ulinicheka kwa hilo. Mabonde yalitakiwa yawe na kina, kwa sababu bonde lenye kina ni dalili kwamba antena haisikii ya pembeni. Wiki mbili za kwanza hatukupata hata bonde moja zuri. Yote yalikuwa yamejaa, na vilima vya jirani vimeungana na mlima mkubwa kama mabega.

Sitaki kujitetea, lakini nakukumbusha hali ilivyokuwa. Tangu ghasia za sitini na tisa mji huu ulikuwa haujatulia. Mtu wa kutoka Murang'a, asiye wa kabila la huku, aliyeamua kubaki Kisumu aliangaliwa mara mbili. Aliyehama aliulizwa anakimbia nini, na aliyebaki aliulizwa anangoja nini. Waweru alibaki, na mke wake Waringa akaendelea kuuza sweta na nguo za watoto Kibuye, meza mbili tu kutoka kwa Mama. Huko Kisian nako watu hawakulipenda karai. Yule mzee Laban, ambaye shamba lake linapakana na uzio wetu, ng'ombe wake aliharibu mimba, akaja langoni kuuliza kile kitu kinasikia nini. Alishuku kwamba kinasikiliza mazungumzo ya nyumbani kwake. Mimi nilicheka. Waweru hakucheka. Alimwingiza kibandani, akamvalisha vile visikilizio vya masikioni, akakaa naye saa nzima akimweleza, mpaka mzee akaondoka akisema kumbe ni kelele tupu.

Ndani ya kituo pia hatukuaminiana. Bwana Shitanda, mkuu wetu, alituita wote siku moja akasema Nairobi wanauliza mbona wiki zinakwenda na hakuna matokeo. Akasema kuna watu ambao wangefurahi mradi ukianguka. Akaongeza kwamba yeyote atakayeona jambo lisilo la kawaida amwandikie, na si lazima aweke jina. Nakumbuka ulinitazama ukakunja uso, ukaniambia baadaye garini kwamba mkuu anayetaka barua zisizo na majina atazipata nyingi.

Baada ya kikao hicho nilianza kutazama watu. Nilikuwa sijawahi kuwatazama hivyo kabla.

Niliona jambo langu lisilo la kawaida Jumanne moja asubuhi. Nilikuwa nimewahi, nikasimama mlangoni mwa kibanda. Waweru alikuwa kwenye ngazi mbele ya karai na spana mkononi, na wewe ulikuwa umeishika ngazi. Alikuwa analegeza bolti za tarumbeta, kile kidude cha bati kinachokaa mbele ya karai na kupokea mawimbi yote yanayokusanywa. Alilisogeza mbele kidogo, akapima kwa rula, akakaza. Siku hiyo kalamu ilichora mabonde ambayo sijapata kuyaona. Yalishuka mpaka karibu na ukingo wa karatasi. Vilima vikasimama kimoja kimoja. Chati ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliiogopa.

Jioni nilimwona akilirudisha nyuma. Kesho yake asubuhi akalisogeza mbele tena, chati zikawa nzuri, na jioni akalirudisha. Akaniambia zile chati za wiki mbili za kwanza niziweke jalada la peke yake, zisiende Nairobi pamoja na hizi. Nilimuuliza kwa nini hizi ni tofauti na zile. Alikuwa anaandika kwenye kile kidaftari chake cheusi, hakuinua kichwa. Akasema, "Nitakueleza tukimaliza, Zeituni. Mvua inakuja."

Mzee Laban alipewa saa nzima. Mimi niliambiwa tukimaliza. Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Usiku huohuo, tukila, wewe mwenyewe ulitusimulia mimi na Mama, kwa kucheka, jinsi Waweru alivyokuwa mwangalifu kama bibi arusi. Ulisema ametia alama mbili za rangi kwenye fimbo inayoshika tarumbeta, nyeupe nyuma na nyekundu mbele, na kati yake ni inchi moja na robo, si zaidi wala pungufu. Ulisema amekuambia mtu mwingine asiguse bolti zile, na kwamba alama ameziweka upande wa ndani ambako mtu akiwa chini hawezi kuziona. Mama alikuuliza faida yake ni nini. Ukasema hujui, ila Waweru anajua, na hilo linakutosha.

Jumatatu iliyofuata Bwana Shitanda alipata barua isiyo na jina. Yaliyokuwamo tulikuja kuyajua wote. Ilisema Injinia Waweru anaifanya antena ionekane nzuri ili kuidanganya serikali. Kila asubuhi anasogeza tarumbeta mbele inchi moja na robo, anapima, kisha jioni analirudisha ili asigundulike. Ameficha chati mbaya katika jalada la pembeni. Ameweka alama za rangi nyeupe na nyekundu upande wa ndani. Mwishoni ilisema wakubwa wafike asubuhi, kabla ya saa moja, watamkuta kwenye ngazi.

Walifika Alhamisi na magari mawili, wakamkuta kwenye ngazi.

Ulikuwepo, kwa hiyo sitarefusha. Kila kitu kilikuwa kama barua ilivyosema: alama, jalada, spana. Waweru alijaribu kueleza kwamba tukiwa karibu namna ile lazima tarumbeta lisogezwe mbele ili karai lielekeze macho yake mita mia nane, na kazi ikiisha lirudishwe ili litazame mbali, na kwamba kila kitu kimo kidaftarini. Bwana Shitanda akamjibu kwamba mtu mwenye maelezo mazuri hivyo angeyatoa kabla ya kukamatwa. Wakachukua kidaftari. Alipokuwa anaingia garini, alisimama akakutazama wewe, si mimi wala mkuu. Nadhani hata wale ambao hawakuwa wamewaza lolote, waliwaza pale. Nani mwingine alijua rangi za alama? Nani mwingine alijua inchi moja na robo?

Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo. Waringa alikunja meza yake Kibuye. Siku ya mwisho alipita mbele ya Mama, Mama akamwita kwa jina, yeye akaendelea kutembea. Mama alirudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli wewe ulifanya jambo hilo. Nilimwambia sijui.

Kituoni uliona mwenyewe. Ukiingia, watu waliacha kuzungumza. Wengine walikupongeza, na nadhani hao ndio walikuumiza zaidi. Hukujitetea hata siku moja. Mwezi wa tano ulileta barua ya kuacha kazi, ukasema umepata kazi katika gereji Mwanza. Asubuhi ya kuondoka uliingia jikoni nikiwa napepea jiko. Ulisimama nyuma yangu.

"Zeituni, kuna kitu unataka kuniambia?"

Nilisema hapana. Ukasema haya, ukachukua begi lako.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ulijua. Katika barua zako unamsalimu kila mtu, hata yule jirani wetu mwenye kasuku, lakini hujaniuliza mimi habari yangu hata mara moja. Nimezisoma tena na tena nikitafuta. Wakati mwingine nimeshuku kwamba ulijua tangu siku ile ya magari mawili, na ukaondoka ili nisiulizwe. Wakati mwingine nimeshuku kwamba huna habari, na kimya chako ni kwa sababu unadhani mimi nami nilikushuku kama wengine. Sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa nikuambie yaliyofuata kituoni. Bwana Shitanda alisema ili mtu asiweze kudanganya tena, tarumbeta lifungwe mahali pamoja milele. Akachagua alama nyekundu, kwa sababu hapo ndipo chati zilikuwa nzuri. Bolti zikafungwa kwa waya na lakiri. Mimi nikafanywa mkuu wa chati, na meza yangu ikahamishiwa karibu na dirisha. Antena ilipoanza kazi yake ya kweli, ya kupokea kutoka kituo cha mbali sana, ilipokea vibaya. Sauti ilikuwa hafifu, na ndani yake zikaingia sauti za vituo vya pembeni ambavyo hatukuvielekea. Walibadilisha nyaya. Walibadilisha vyombo vya ndani. Injinia mpya alikuja akaondoka, akaja mwingine. Wote walisoma chati zangu nzuri, wakasema karai halina kosa, kosa liko kwingine. Mwaka wa pili watu wakaanza kunong'ona kwamba Waweru aliacha kitu humo ndani kabla ya kuondoka. Bwana Shitanda aliniuliza kama nilimwona akifunga chochote. Hata hapo, kaka, nilijibu kwamba sina hakika.

Mwaka jana mwishoni Bwana Shitanda alihamishwa, na huko Nairobi mkubwa mpya akalifungua faili la zamani akakikuta kidaftari. Nasikia alikisoma jioni moja tu. Wakamtafuta Waweru, wakamkuta anafundisha hesabu katika shule ya sekondari huko kwao Murang'a.

Alikuja tarehe kumi na nane Februari. Amekonda, na ndevu zina mvi. Aliomba mtu mmoja tu wa kumsaidia, akasema yule binti wa chati kama bado yupo. Nilishika ngazi mimi, mahali ulipokuwa ukiishika wewe. Alikata lakiri kwa koleo, akalegeza bolti, akalirudisha tarumbeta kwenye alama nyeupe, akakaza. Hazikufika dakika ishirini. Tulipoingia kibandani na kuwasha mitambo, sindano ya kipimo ilikwenda mahali ambapo sijawahi kuiona ikifika, na zile sauti za pembeni hazikuwepo. Mafundi wawili vijana walipiga makofi. Yeye alivua miwani akaifuta.

Siku ya tatu, tukiwa tunafunga vyombo, alikaa kwenye kiti akanieleza. Alisema aliniahidi kunieleza tukimaliza, na sasa tumemaliza. Alinichorea karai na mawimbi yaliyopinda na yaliyonyooka, akanionyesha kwamba ukiwa karibu unaweza kuisaidia antena kwa kulisogeza tarumbeta mbele kiasi kinachohesabika, na hesabu yenyewe ikatoka inchi moja na robo. Zile chati mbaya hakuzificha. Alizitenga ili ziende na ripoti yake, zionyeshe hali kabla na baada. Jioni alilirudisha kwa sababu aliogopa akisahau siku moja, antena itafunguliwa ikiwa inatazama mafunjo badala ya kutazama mbali. Yaani jambo lilelile alilokuwa anajaribu kulizuia ndilo lililotokea, kwa mkono wa barua ile. Nilielewa yote. Ilikuwa rahisi. Mtoto wa kidato cha pili angeelewa.

Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nikiyasikia hadi leo. "Aliyeandika ile barua alikuwa na macho mazuri. Kila alichosema, alikiona kweli. Mimi ndiye niliyekuwa mchoyo wa maneno." Akaendelea, "Ukimwandikia Badru, mwambie sina kinyongo naye. Ningekuwa yeye, labda ningeshuku vilevile. Nilimpenda kama ndugu, na bado."

Hizo ndizo salamu zako. Nimezifikisha.

Nilikuwa na nafasi. Hatukuwa na mtu mwingine kibandani. Nilimwambia nitakufikishia, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi kwenye gari.

Badru, barua ile niliiandika mimi. Niliiandika Jumapili mchana, wewe ukiwa umekwenda kuwatembelea Waweru na Waringa, ukala kwao. Niliandika kwa mkono wa kushoto na herufi kubwa. Rangi za alama na inchi moja na robo, hayo niliyatoa kinywani mwako, mezani kwa Mama. Nilijua kwamba hakuna mwingine anayeyajua. Ukiniuliza kama nilifikiri kwamba lawama zitaishia kwako, nitakujibu kwamba nilifikiri, na nikasema moyoni kwamba wewe ni mwanamume, utajua la kufanya. Niliamini kweli kwamba anadanganya, hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa nimekasirika kwamba hakunieleza, na nilitaka Bwana Shitanda ajue kwamba kuna mtu kituoni anayeona. Nilipopewa ile meza ya dirishani nilifurahi. Nilifurahi wiki nzima, na wewe ulikuwa umekaa nyumbani huongei.

Kuna jingine, na hili hakuna anayeweza kulijua nisipolisema. Mama hasomi, unajua. Kila alipokuandikia, alinitajia maneno nikaandika. Katika kila barua alikuambia urudi nyumbani. Alisema rudi, mimi sijali ulifanya nini, mlango uko wazi. Maneno hayo sikuyaandika. Niliandika habari za goti, za viungo, za mipera. Na wewe ulipoandika mwaka juzi kuuliza kama Mama bado amekukasirikia mpaka hataki kukuona, nilipomsomea niliruka mstari huo. Niliogopa ukirudi, mkikaa pamoja mezani, mtahesabu nani alikuwepo usiku ule tulipokula, na mtanikuta mimi. Kwa hiyo mama yako hajawahi kukukasirikia, na wewe hujawahi kumnyima jibu. Katikati yenu nilikuwa mimi na kalamu.

Leo asubuhi, kabla ya kuanza barua hii, nilikwenda posta nikatuma nyingine Murang'a kwa Bwana Waweru. Nilitanguliza hiyo ili nisiweze kurudi nyuma. Jumatatu nitamwandikia mkuu mpya wa kituo, na sijui kama nitabaki na kazi. Nisipobaki, sitamlaumu.

Mama nilimwambia jana baada ya sala ya alasiri. Nilimweleza mambo ya kituoni kwanza, akasikiliza huku akichambua iliki kwenye ungo. Nilipofika kwenye barua zake na zako, mikono yake ikasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza ni barua ngapi. Nikamwambia kumi na moja zake, saba zako. Akaniagiza nizilete zile zako saba. Nikazileta, akaziweka chini ya mto wake, na kuanzia jana hajanitumia kwa jambo lolote, hata maji anateka mwenyewe na goti lile.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua hii, kwa sababu nimeona jinsi msamaha unavyoweza kumfikia asiyehusika. Ukitaka kunijibu, jibu. Ukitaka kuja, chumba chako hakijalaliwa na mtu, na neti nimeifua. Ukija na ukataka niwe nimetoka kwanza, nitumie neno, nitakwenda kukaa kwa mwenzangu Safia pale Manyatta mpaka utakaponiita, au mpaka utakapoondoka.

Msalimie wifi yangu. Mwambie namsikitikia kwa kuwa ameolewa na mtu ambaye ndugu zake yeye hajapata kuwajua, na kosa la hilo ni langu, si lako. Wasalimie na wote wanaokutazama vizuri huko Mwanza.

Salamu za Mama hazimo humu. Nilimuuliza kabla ya kuifunga kama ana neno la kuongeza. Akasema analo, ni refu, na amekwisha kumwomba mwalimu wa madrasa aje Jumanne amwandikie.

Ni mimi dada yako,
Zeituni binti Abdulrahman